Katikati ya Mlima

Mama bado anawaambia wateja wa zipu na riboni
kwamba bintiye anasomea sheria.
Ni miezi kumi na minne sasa.
Nikiingia dukani na ovaroli yenye grisi
ananisukumia nyuma, kwenye mabunda ya vitambaa,
kama mzigo usiolipiwa ushuru.

Simlaumu. Alihesabu vifungo
ili mimi, Maitén, nije kuhesabu vifungu.

Hapa Valparaíso watu wanaishi mlimani, kazi iko chini.
Ndiyo maana kuna lifti: mabehewa mawili ya mbao,
moja likipanda jingine linashuka,
na katikati ya mlima yanapishana
karibu kiasi cha watu kuazimana kiberiti.

Mwaka wa tatu chuoni, Julai, ukungu umelalia makontena bandarini,
nilikuwa nashuka kwenda kwenye mtihani wa mikataba.
Kichwani kurasa mia mbili, tumboni chai tupu.
Tukakwama.
Mle ndani: mimi, mwanamume na godoro lake,
na Bi Herminda aliyepakata kuku mbichi kwenye mfuko.
Wenzangu wakatazama saa.
Mimi nikatega sikio.

Juu, chumba cha mashine, kitu kilikuwa kinakwaruza
kama jino bovu lililoguswa na barafu.
Nikajua, sijui nilijuaje,
gurudumu dogo la kushoto limeliwa upande mmoja.
Nikalisema kwa sauti.
"Basi kamwambie fundi," akasema Bi Herminda,
"huyu kuku hana subira."

Dakika arobaini. Mtihani ukaanza bila mimi.
Fundi Segovia akaja kwa ngazi za pembeni,
pumu kifuani, mkate mfukoni.
Nikamwambia: la kushoto.
Akanitazama kama paka aliyetaja bei ya nyama.
Akaenda kuangalia.
Akarudi, hakusema neno,
akanipa tochi nimshikie.

Ningependa kusema niliamua pale pale. Wapi!
Niliomba mtihani wa marudio, nikaufanya, nikafaulu.
Hilo ndilo lililonitisha: kwamba ningeweza.
Kwamba mtu anaweza kufaulu maisha yake yote
katika kitu kisichomwita hata mara moja kwa jina.

Mshauri wa wanafunzi alinipa dodoso:
unajiona wapi baada ya miaka kumi?
Nikaandika: katikati ya mlima.
Akadhani ni fumbo.

Mjomba Anselmo alinikaripia mezani:
mchagua jembe si mkulima.
Nikajibu, kinywa kimejaa maharage,
kwamba jembe la kuazima huchubua hata sugu.
Akacheka. "Malengelenge utayaona."

Nimeyaona.
Mshahara wa mwanagenzi unakata roho tarehe kumi na tisa.
Wapo wanaoniuliza fundi yuko wapi
na spana ninayo mkononi.
Niliwahi kuisahau hiyo spana juu ya reli;
Segovia hakunisemesha siku tatu, na alikuwa na haki.

Kuridhika? Wanalitaja neno hilo kama kiti
ambacho ukikikalia huinuki tena.
Mimi ninachokijua ni saa kumi na mbili na robo asubuhi,
waya unapokaza, mlio unapoingia mahali pake,
na watu wanapanda bila kunifikiria.

Mara nyingine, kwenye kupishana,
naona kwenye dirisha la pili msichana mwenye faili kifuani,
nywele zimechanwa vizuri.
Sijawahi kujua kama ana furaha.
Vioo vina ukungu, na safari ni fupi.

Jumanne iliyopita mama alipanda.
Hakuniambia. Alilipa nauli kama mtu yeyote,
boksi la bidhaa mapajani.
Alipofika juu akauliza
kwa nini behewa linakohoa hapo karibu na mwisho.
Nikamwambia: kumbe umelisikia?
"Nina masikio," akasema.
Kisha akanishika ovaroli kifuani, palipong'oka kifungo,
akafungua boksi,
akaanza kutafuta kinachokaribiana rangi.